Mrejesho: X100 ya 2011, nimebaki nayo

Wakuu, niliwauliza kama niuze kamera yangu, Fujifilm X100, nichukue mrithi wake X100S, au nisubiri fimuwea (programu ya ndani ya kamera) mpya ya kuongeza kasi ya fokasi, yaani kamera kulenga kitu kitoke wazi. Wengi mlisema uza, kamera ya 2011 nani ataikumbuka tena? Basi imekumbukwa: toleo 2.00 la fimuwea lilitoka Oktoba 2013, wakati mrithi wake alikuwa sokoni tayari.

Kuiweka si kazi. Faili la FPUPDATE.DAT unalitupia kwenye kadi nje ya folda zote, betri ijae, unawasha kamera huku umebana kitufe cha DISP/BACK. Usizime katikati, tafadhali.

Fokasi imechangamka, ila kitu kinachokuja mbio bado ni kubahatisha. Kilichonikosha ni fokasi ya mkono: sasa kingo za kitu kilichokaa sawa kwenye fokasi zinang'aa kwenye kioo. Jana magharibi nilizungusha ringi taratibu mpaka mdomo wa birika la muuza kahawa ukawaka mstari mweupe, nikabonyeza. Safi!

X100S ina megapikseli 16 dhidi ya 12 zangu, na kwa fokasi inaniacha mbali, sibishi. Anayepiga picha za watoto wakicheza mpira aichukue. Mimi nimenunua betri ya akiba tu.