Plagini niliyoilipia imekuwa bubu baada ya apdeti, halafu naambiwa nitafute "mtu anayeona"

Wakuu, leo salamu fupi. Nina hasira.

Mimi ni prodyuza, nina studio ya chumba kimoja hapa Tanga, kazi zangu nyingi ni kwaya na taarabu. Na ni kipofu tangu kuzaliwa. (Mnaopenda kusema "mwenye ulemavu wa macho", ruksa, hilo halijawahi kunikosesha usingizi.)

Kompyuta naitumia kwa NVDA, programu ya bure inayonisomea skrini kwa sauti. Mausi sina hata kwenye droo. Narekodi kwa REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, yenye OSARA, kiongezo kinachoifanya REAPER isomeke kwa NVDA, ambacho nacho ni cha bure. Mwanzilishi wake, Jamie Teh wa Australia, ni kipofu kama mimi, na ni mmoja wa wale wawili waliosimamisha NVDA yenyewe. Nikipandisha sauti nasikia desibeli. Nakata pumzi ya mwimbaji katikati ya vokali bila kumwita mtu. Leseni ya REAPER kwa mwenye studio ndogo kama yangu ni dola 60, basi. Kwa hiyo asije mtu hapa na "biti za kompyuta ni za wenye macho".

Sasa kisa chenyewe. Mwaka juzi nilinunua plagini (programu ya ala inayofunguka ndani ya REAPER) ya fidla na udi kutoka kampuni moja ya nje, zaidi ya laki tano, pesa ya harusi tatu. Niliinunua kwa sababu ilikuwa inaongea: nabonyeza mshale wa chini, NVDA inataja jina la sauti, nabonyeza Enter, napiga. Jumatano kiprogramu chao cha leseni kikagoma kufunguka mpaka niapdeti. Nikaapdeti. Nikafungua plagini, nikabonyeza Tab. Kimya. Mshale. Kimya. Mara NVDA ikatamka neno moja tu: "dirisha". Asante, dirisha najua lipo!

Kilichotokea si uchawi. Kitufe kwenye skrini ni picha. Ili kisomeke, aliyeandika programu lazima aiambie Windows kwamba hiki ni kitufe, kinaitwa hivi, sasa kimewashwa. Hawa wamechora upya muonekano wao "wa kisasa" kama bango moja, wakaacha kutaja chochote. Ni daladala isiyo na konda: inasimama, inaondoka, wewe umekaa ndani hujui kama umefika kituo chako au umeshapitilizwa.

Nikajaribu kubonyeza kitufe cha NVDA pamoja na R, njia ya kutambua maandishi kwenye picha. Maneno ikayasoma, ila haikwambii kitufe kimezungushwa mpaka wapi, na kukizungusha hukizungushi. Mteja wangu, dada mmoja wa taarabu, anasubiri fidla kesho yake. Nikamwita mpwa wangu wa darasa la tano.

"Mjomba, naona viduara kama vya jiko la gesi."
"Vimeandikwaje?"
"Hiki kimeandikwa... ataki."
"Hataki nini?"
"Sijui, kimeandikwa ataki tu."

Kumbe ni "attack", kiduara cha kupanga sauti ianze kwa kasi gani. Tulicheka, kweli. Lakini hapo ni saa nne usiku, mtoto ana shule asubuhi, na kazi ninayoifanya mwenyewe kwa dakika mbili imetuchukua saa nzima.

Nikawaandikia barua pepe. Jibu la kwanza: niombe msaada wa mtu anayeona. La pili: wanashukuru kwa "pendekezo" langu, watalifikiria. Pendekezo! Mtu akiuziwa baiskeli, kisha fundi wa dukani akarudi usiku kuing'oa pedali, akienda kulalamika anakuwa ametoa pendekezo?

Na wasiniambie haiwezekani. JUCE, ambayo plagini nyingi mno zinajengwa juu yake, ina njia ya kuongea na visoma skrini tangu 2021. Ableton Live, programu nyingine ya kutengeneza muziki, iliyotufungia mlango miaka yote, ilianza kusomeka kwenye toleo la 12 mwaka 2024. Logic, ya muziki pia, ya Apple, inasomeka kwa VoiceOver, kisoma skrini cha Mac, ingawa bei ya Mac tuiache, nisije nikaongeza hasira. Wenzao wameweza. Hawa walikuwa wameshaweza, wakabomoa! Hapo ndipo panaponiuma.

Fidla za yule dada wa taarabu nimezipiga kwa sauti za bure. Zinasikika kama nzi kwenye chupa. Amelipa nusu, na simlaumu.

Ninachotafuta: mwenye setapu ya toleo la kabla ya hili, wao wameshaiondoa kwao, anitumie ujumbe nimtajie plagini yenyewe. Leseni ninayo halali, siombi kraki. Na kama kuna anayejua namna ya kukizuia kile kiprogramu cha leseni kisilazimishe apdeti tena, aseme leo, maana Jumamosi nina kwaya ya watu ishirini na mbili.