Aliyekosa ajira bila kupenda, aruhusiwe kuishtaki Serikali?

Wakuu, Ibara ya 22(1) ya Katiba yetu ya Tanzania inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Ibara ya 11 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kuitekeleza haki hiyo. Halafu Ibara ya 7(2) inazuia mahakama yoyote kuamua kama wajibu huo umetimizwa. Haki unayo, ila wa kumdai huna.

Mimi nasema kizuizi hicho kiondolewe, na mtu aweze kudai fidia.

Najua nitajibiwa kwamba Serikali haiwezi kuajiri kila mtu. Sijasema iajiri kila mtu. Chukueni walimu: Serikali ndiyo inayosimamia udahili wao vyuoni, inawakopesha wengi ada, na shule nyingi ni zake. Jirani yangu ana shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili. Anaendesha bodaboda ya mkataba. Jioni hesabu ya bosi inatoka kwanza, watoto wanakula kinachobaki. Kila tangazo likitoka anapeleka vyeti kwa wakili vigongwe muhuri, analipa, anasubiri. Deni la Bodi ya Mikopo liko palepale, na matangazo mengi yanataka umri usiozidi miaka 45. Huyu amezembea wapi?

Msiniambie kuna fao la kukosa ajira. Hilo ni la aliyewahi kuajiriwa na kuchangia mfuko. Ambaye hajawahi kuajiriwa halimhusu.

Wanaosema haiwezekani waangalie India. Sheria yao ya mwaka 2005 iliipa kila kaya ya kijijini haki ya siku 100 za kazi za vibarua kwa mwaka. Ukiomba kazi, siku 15 zikapita hujapewa, serikali ya jimbo ilipaswa kukulipa posho: siku 30 za mwanzo isipungue robo ya ujira, baada ya hapo nusu. Utekelezaji ulisuasua sana, malipo mengi hayakutoka, lakini angalau mtu alikuwa na kifungu cha kushika mkononi. Na hakuhitaji kuthibitisha ameumia kiasi gani, jambo ambalo mahakamani ni gumu mno. Muda ukipita, deni limeingia.

Wanasheria, hebu tusaidieni: Ibara ya 22 iko kwenye haki zinazodaiwa Mahakama Kuu. Je, inatosha kufungua shauri leo, au 7(2) itatukwamisha mlangoni? Na wanaopinga, leteni hoja nyingine tofauti na "vijana wajiajiri". Jirani yangu ameshajiajiri.