Holda ya GPS ya kujitengenezea kwenye kigari kidogo: kikombe cha kubandika kwenye kioo, tundu la AC, mfuko wa mchanga au kipande cha ubao?

Kigari_Changu:
Wakuu habari zenu. Nina kigari kidogo, kile ambacho ukikaa mbele goti linasalimiana na redio, na nimechoka kuweka simu mapajani nikitafuta njia. Mpaka sasa nimeshajitengenezea holda za aina nne, tatu zimenishinda, ya nne iko kwenye gari inaelekea mwezi wa tatu haijadondoka. Naweka ulinganisho wangu hapa, mnikosoe kabla sijatoboa kitu ambacho hakitobolewi mara mbili.

Ya kwanza kikombe cha mpira cha kubandika kwenye kioo. Nilichomoa kikombe kwenye holda iliyokufa nikakifungia kipande cha alumini kama sentimita 20, mbele nikaweka kidude cha kushika simu. Sasa kioo cha gari hili kimelala sana, ukitaka simu ikufikie inabidi mkono wa holda uwe mrefu, na ukiwa mrefu ndo matatizo yanapoanza, gari ikinguruma tu kwenye foleni simu inatetemeka hadi jina la barabara halisomeki. Halafu siku moja, jua la saa saba, nakata kona nikasikia pwaa, kikombe kimeachia, simu ikadunda kwenye gia ikaenda kujibanza chini ya pedali ya breki. Nilikua mwendo wa kinyonga nikasimamisha kwa hendibreki. Tangu siku ile kitu kinachoning'inia juu ya miguu yangu sikitaki hata kukiona.

Ya pili nilitumia vile vibanio vyeusi vya makaratasi, nikakunja masikio yake nikaning'iniza kwenye tundu la AC. Dakika kumi kazi imeisha, na kusema kweli kama unataka kitu cha safari moja hii ndo yenyewe. Ila matundu ya gari langu ni yale ya duara, simu ikiwa nzito yanazunguka yenyewe, ukipita shimo la pili ramani inaangalia sakafu. Na kijibao kimoja cha tundu kimevunjika, hadi leo upepo unanipiga sikio la kushoto tu.

Ya tatu mfuko wa mchanga. Nilikata mguu wa suruali ya jinzi nikajaza mchanga mkavu kilo moja kasoro, nikashona mara mbili, chini nikaweka mpira wa tyubu ili usiteleze. Hapa kutetemeka hamna kabisa, imetulia kama mzee kibarazani. Shida dashibodi yenyewe haina sehemu bapa isipokua upande wa abiria, na pale pameandikwa SRS AIRBAG, yaani chini yake kuna puto la usalama. Nikatoa.

Ya nne ndo niliyonayo. Juu ya redio kuna kile kishimo cha kuwekea vitu vidogo ambacho kila mtu anajaza risiti za zamani. Nilichukua umbo lake kwa boksi gumu, nikakata plaiwudi vipande vitatu nikavigundisha, nikavipiga msasa hadi vikaingia kwa kulazimishwa kidogo, nikavizungushia mpira wa tyubu. Mbele nikafunga bati la alumini nililolikunja kama U, simu inakaa humo. Hakuna gundi kwenye gari, hakuna tundu nililotoboa, nikiuza gari nachomoa tu.

Maswali yangu mawili. Simu imekaa chini kuliko kioo, haitanifanya nitoe macho barabarani sana? Na hilo bati la alumini haliwezi kuzuia GPS?

Nusu_Tanki:
Simu kwenda kulala chini ya breki 😂😂 pole mkuu ila nimecheka

MzeeWaGia:
Kijana umefanya kazi nzuri lakini umeanza mwisho. Watu wengi mnatengeneza holda kwanza halafu ndo mnatafuta pa kuiweka. Mahali ndo paanze. Kaa kwenye siti kama unavyoendesha kila siku, sio kama unavyokaa ukipigwa picha, mwambie mtu ashike kipande cha boksi chenye ukubwa wa simu yako akisogeze taratibu, juu, chini, kati, pembeni, na wewe uangalie barabara. Pale ambapo boksi haliifichi barabara na bado unalisoma bila kuinamisha kichwa, ni macho tu yanashuka, ndo hapo hapo pawekee alama.

Kuhusu chini, ndio, chini sana ni tatizo. Ukiwa 60 km/h gari linakula karibu mita 17 kwa sekunde moja, ukiangalia ramani sekunde mbili umepita zaidi ya mita 30 hujui nini kiko mbele. Lakini juu sana nako ni tatizo, hasa vigari vidogo, kioo chenyewe kifupi, ukiweka simu katikati umeziba mtu anayevuka. Wengine wanapenda kona ya kushoto au kulia karibu na nguzo ya kioo, mimi sipendi, ile nguzo peke yake tayari inaficha pikipiki nzima, ukiongeza na simu umejenga ukuta. Halafu magari mengi yana eabegi ya pazia, lile puto la usalama la pembeni, inayoshukia hapo hapo kwenye nguzo.

Kishimo juu ya redio naona ni sawa, mradi ukingo wa juu wa simu uwe usawa wa dashibodi au upite kidogo tu. Na washa sauti, msichana akuambie kata kulia, we usome ramani ukiwa umesimama.

Bi_Spana:
Naomba nisimame kidogo kwenye mfuko wa mchanga maana naona watu watausifia. Mi nilikua nao na niliupenda, ila umewahi kujiuliza gari ikigonga kitu ule mfuko unaenda wapi? Gari ilikua 50 imesimama, mfuko haujui habari hizo, unaendelea na 50 yake. Kilo moja ya mchanga usoni sio mchezo. Kaka yangu alinambia nitie gundi, nikamuuliza sasa faida ya mfuko iko wapi kama naugundisha?

Na pale penye maandishi ya AIRBAG pasiwekwe kitu, hata sticker ya maua. Lile puto likiwaka linajaa kwa muda kama wa mtu kupepesa jicho, chochote kilicho juu yake linakirusha. Umefanya vizuri kutoa.

sumaku_tu:
Mbona mnajitesa, sumaku mbili tu, moja nyuma ya simu moja kwenye dashibodi mchezo umeisha. Mwaka wa pili huu

setilaiti_juu:
@sumaku_tu sumaku inafanya kazi, siibishi, ila ina kasoro moja ambayo watu wanailaumu kwenye GPS bure. Sumaku haigusi GPS. Inachochanganya ni dira ya simu, ndo maana ukiwa umesimama kamshale kanaangalia nyuma, ukianza kutembea kanajirekebisha kwa sababu simu sasa inajua unaelekea wapi kwa kuona ulivyosogea. Kwa hiyo kwenye makutano, umesimama, unataka kujua uanze upande gani, hapo ndo itakudanganya. Na kamera zenye lenzi inayocheza ili picha isitikisike nazo hazipendi sumaku karibu.

@Kigari_Changu swali lako la bati. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu na mawimbi yakifika huku chini ni dhaifu mno, yanapita kwenye kioo na plastiki bila shida, chuma na alumini hayapiti. Lakini simu inahitaji setilaiti nne tu ijue ilipo na kimo chake, na yenyewe inaona nyingi kuliko hizo. Kipande chembamba nyuma na chini ya simu sio tatizo. Tatizo ni ukiifunika nyuma yote kwa bati, au ukiweka bati juu, maana antena ya GPS kwenye simu nyingi iko upande wa juu. U yako ishike chini na mbavuni, kichwa kiache wazi.

Kitu kingine ambacho hamjakitaja, kuna magari kioo chake cha mbele kina tabaka jembamba la metali la kupunguza joto, na hilo linakula mawimbi haswa. Mara nyingi kiwandani wanaacha sehemu bila hilo tabaka karibu na kioo cha kuangalia nyuma. Kujua ni rahisi, fungua programu inayoonyesha setilaiti, angalia simu ikiwa kwenye holda halafu itoe nje ya dirisha uangalie tena. Ukiona vimistari vimeruka kwa mbali sana, kioo ndo mchawi.

sumaku_tu:
Ahaa ndo maana kila nikitoka kwenye maegesho inaniambia geuza gari. Nilijua programu ni mbovu

TupaNaMsasa:
Mi naongeza ya tano, ya printa ya 3D. Rafiki yangu alinichapia holda nzuri sana, imekaa kama ya kiwandani, plastiki ni ile ya PLA. Nikaegesha juani asubuhi, narudi jioni nakuta holda imeinama kama mtu anayesali. PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi na dashibodi juani inafika huko bila jasho. Akanichapia tena kwa plastiki nyingine, ABS, ambayo inavumilia hadi 100 na kidogo, hiyo ipo mpaka leo.

Bomba la plastiki la maji nalo nimejaribu, unalichovya kwenye maji yanayochemka linakua laini kama ngozi, unalikunja unavyotaka, likipoa linabaki hivo hivo. Zuri kwa kibebeo cha simu. Ila joto lile lile lililolikunja linaweza kulikunjua, kwa hiyo liweke kivulini chini ya ukingo wa dashibodi na sio kwenye kioo.

Kuhusu kikombe kuachia, watu wanadhani simu ilikua nzito. Hapana. Kikombe cha upana wa sentimita 6 hewa ya nje inakisukuma kwenye kioo kwa nguvu kama ya kilo 28, kama kimenyonya vizuri kabisa. Simu yako haifiki hata robo kilo. Kinachokiua ni hewa kuingia kidogo kidogo, vumbi, alama za vidole, mpira umekauka, na mchana ile hewa iliyobaki ndani inapashwa joto inavimba. Kioo kisafishwe kwa spiriti, kikombe kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, na mkono uwe mfupi. Mkono mrefu unakua kama mtaimbo, unakibandua kikombe wenyewe.

Nusu_Tanki:
Kwa hiyo hapa mshindi ni ubao?

Bi_Spana:
Kwa mwenye kishimo kama chake ndio. Gari langu halina, dashibodi yote imebonyea kama tandiko la punda, mi nimerudi kwenye kikombe lakini nimekibandika chini kabisa kwenye kioo, mkono wenyewe sentimita 6 tu, na nyuma ya simu imeegemea dashibodi kwenye kipande cha sponji. Ile sponji ndo siri, imeua mtetemo wote.

Kigari_Changu:
Asanteni sana wakuu. Leo nimefanya ya mzee na boksi, mke wangu kashika boksi anacheka mimi nimekunja uso kama niko barabarani kweli. Tumegundua simu ilikua chini kwa vidole vitatu hivi. Nimeongeza kipande cha plaiwudi chini ya U, sasa ukingo wa juu uko sawa na dashibodi na nimeielekeza kwangu kidogo.

Pia nimekutana na ujinga mmoja ambao hakuna aliyenionya. Nimekaza U ili simu isicheze, naondoka, mita mia tu skrini inazima, nawasha, inazima. Kumbe mbavu ya alumini inakandamiza kitufe cha kuwashia. Nimechukua tupa ya duara nikatengeneza kipengo pale penye kitufe, nikavalisha tyubu upya. Mtakaotengeneza wekeni alama ya vitufe vyote kwenye boksi kabla ya kukata bati.

Waya wa chaja nimeupitisha nyuma ya ubao, ukatokea kwenye ufa wa pembeni mwa redio, chini hadi kwenye tundu la laita. Nimejaribu gia zote na hendibreki, haukamatwi. Kilichobaki ni usiku, skrini inajiangalia kwenye kioo cha mbele, naona ramani mbili, moja inaelea juu ya barabara kama mzimu.

MzeeWaGia:
Punguza mwanga, weka ramani ya usiku ile nyeusi, na uisimamishe simu kidogo isiangalie juu, iangalie kifua chako. Ikibaki, bandika kitambaa cheusi kisichong'aa juu yake kama kofia, kitoke mbele sentimita tatu nne. Kitambaa tu, usije ukaweka bati, umeshaambiwa juu pasizibwe.

TupaNaMsasa:
Tupe vipimo vya hiyo U basi

Kigari_Changu:
Alumini upana milimita 25, unene 3. Ndani ya U ni upana wa simu ikiwa na kava yake kisha nikaongeza milimita 4 kwa ajili ya tyubu pande zote mbili. Mbavu zina kimo cha sentimita 7, ncha nimezikunja kwa mbele milimita 8 ili simu isitoke. Skrubu mbili kwenye ubao, sio moja, nilianza na moja ikawa inazunguka. Kofia ya kitambaa nimekata soksi, mke wangu bado anatafuta nyingine.