Askari afundishwe nini kwanza?

Swali: Mdogo wangu alikaa rumande miezi 9 kwa maelezo ya kukiri kosa aliyotia saini baada ya kuhojiwa usiku kucha. Kesi ikafutwa. Mafunzo yabadilikeje?

Jibu: Pole sana, dada. Nimefundisha askari miaka 12. Kulenga shabaha kulipewa wiki nzima, kuhoji saa 2 tu! Inaniuma mpaka leo. Uingereza ilianzisha mbinu ya kuhoji iitwayo PEACE miaka ya 1990: mhojiwa aeleze mwenyewe, ndipo maelezo yapimwe kwa ushahidi. Norwei polisi husoma miaka 3.

Jibu: Na mahojiano yarekodiwe yote.

Muulizaji: Wakili je? Hakuwa naye.

Jibu: Awepo kabla ya swali la kwanza, dada, si siku ya mahakamani.