Programu inaupa mti mmoja majina matatu, na ndege wananikimbia. Nakosea wapi?

Kijani_Kibichi: Habari wakuu. Nataka kuorodhesha mimea na wanyama wa bustani ya umma hapa mjini. Natumia iNaturalist, programu ya simu inayotambua viumbe kwa picha, lakini mti uleule nikiupiga picha mara tatu napewa majina matatu. Ndege nao, nikiinua darubini tu siwaoni tena. Darubini ni 10x50 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50). Naombeni msaada.

Mkungu: Mkuu, anza na picha. Jani moja lililochumwa halitoshi kabisa. Piga mti mzima, gome, tawi lenye majani, mgongo wa jani, na ua au tunda, kisha ziweke zote kwenye rekodi moja. Ya tawi ndiyo inayoamua mengi, maana inaonyesha kama majani yametoka mawili mawili yakitazamana au yanapishana. Tafuta pia chipukizi pale kikonyo kinapoungana na tawi. Ukikikosa, huenda ulichoshika ni kijijani tu, kipande cha jani ambatani, yaani jani moja lililogawanyika kuwa vijijani vingi. Wengi hupotelea hapo, kwa sababu kijijani cha mti mmoja hufanana sana na jani zima la mti mwingine.

Simu ikilenga nyuma badala ya ua, weka kiganja nyuma ya ua.

Kurumbiza: 10x50 ni nzito na hutikisika mkononi, 8x42 inakuonyesha eneo pana zaidi kwa mara moja, ndege unampata upesi. Macho yasimwache ndege: darubini ndiyo iyafuate macho. Na iweke sawa kwanza: funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione vizuri, kisha funika ya kushoto na urekebishe kwa pete ya jicho la kulia. Nenda saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza.

Kijani_Kibichi: Asanteni sana. Miti iliyopandwa niiweke?

Mkungu: Iweke, ila itie alama kuwa imepandwa, la sivyo itasomeka kama imejiotea. Magugu ya kwenye nyufa za saruji usiyadharau, hayo yamejiotea kweli.

Nondo: Ukigeuza gogo, livute upande wako, ili kama kuna nyoka atokee upande wa pili. Lirudishe vilevile, wadudu wa chini yake hufa unyevu ukipotea. Na ukigusa mmea wenye utomvu mweupe kama mnyaa, usijifute macho kabla ya kunawa kwa sabuni.