Vijana wenye ulemavu wa akili wasome vyuo vya ufundi pamoja na wengine?

Mdau Kimara: Mtoto wa dada yangu alimaliza kitengo maalumu shule ya msingi, tangu hapo yuko nyumbani tu. Anapenda ushonaji. Kwa nini vyuo vya ufundi visimpokee akae na wenzake, apewe kazi kwa uwezo wake? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010.

Fundi Waya: Sheria haisimami karakanani. Nimefundisha ufundi: mwalimu mmoja, darasa limefurika, mashine zinazunguka. Anayehitaji kurudiwa hatua moja mara kumi atasaidiwa na nani? Na tuseme ukweli, wazazi wengine wanatafuta tu pa kumshindisha mtoto.

Mama wa Tabata: Pa kumshindisha! Fundi, umewahi kumwogesha kijana wa miaka 22 aliyekuzidi kimo? Genge langu nafungua saa nne, wenzangu wameshauza tangu alfajiri. Nikitafuta pa kumshindisha, kosa langu liko wapi?

Fundi Waya: Dada yangu, sikukusema wewe.

Mama wa Tabata: Umesema wazazi. Mimi ni nani?

Mbongo Ohio: Huku Marekani sheria ya 2008 iliwafungulia ruzuku ya masomo ya serikali hata wasiosomea shahada. Mikopo hawapewi. Wengi wanatoka na cheti chao.

Kaka Mbezi: Marekani tena! Huku konda akimwona tu mtoto wa namna hiyo anagonga bodi, gari linaondoka. Atafikaje chuoni?

Mama wa Tabata: Makonda usiwaseme wote. Yupo mmoja anamshusha wangu mpaka mlangoni, na nauli anakataa.

Kaka Mbezi: Huyo mmoja, mama. Mimi nimeona wanaoachwa juani.

Mwalimu Elimu Maalumu: Rudini kwenye hoja. Sisi tuliosoma Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, tumefunzwa kuvunja kazi vipande vidogo: leo kupitisha uzi, wiki ijayo mshono ulionyooka. Lakini wenzangu ninaowajua wote wamepangwa shule za msingi. Mtupeleke karakanani na Fundi atapata msaidizi.

Fundi Waya: Hapo nakuelewa, Mwalimu. Na mtihani je? Akipewa cheti kilekile, mwajiri ataniuliza mimi.

Mwalimu Elimu Maalumu: Kiandikwe anachokiweza. Kama anashona sare za shule vizuri, iandikwe sare za shule.

Mama wa Tabata: Mnahamia kwenye vyeti, Fundi hajanijibu. Kosa langu ni lipi?