Bangi wakati wa mimba na kunyonyesha: wakunga na wauguzi wa Bukavu, tupeane uzoefu

Mkunga, Kadutu
Wapendwa, wamama wanaambiwa mtaani kwamba bangi inatuliza kichefuchefu cha mimba na kwamba majani hayadhuru. Tuandike hapa tunachowaeleza siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Naanza: THC, kemikali inayolevya, inapita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Tunachohofia zaidi ni mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 37 au na uzito chini ya gramu 2500. Mtoto wa hivyo hupoteza joto upesi na hunyonya kwa shida. Moshi nao unaleta monoksidi ya kaboni, inayonyang'anya oksijeni nafasi katika damu ya mama. Kuila ndani ya chakula kunaepusha moshi tu. THC ni ileile.

Muuguzi wa materinite, Bagira
Mama mkunga, niongeze la kutapika, maana hapo ndipo tunadanganyika. Aliyezoea kuvuta kwa muda mrefu anaweza kutapikishwa na bangi yenyewe: vipindi vya kutapika, tumbo kusokota, na nafuu anapooga maji ya moto sana. Akivuta tena ili atulie, anachochea ugonjwa. Swali la maji ya moto lisikosekane.

Kwa kichefuchefu cha kawaida: ale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili tatu, atafune biskuti kavu kabla ya kuinuka kitandani, anywe tangawizi. Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara 3 kwa siku, apewe na muuguzi. Ikiwa hata maji hayakai tumboni, au amepitisha saa 8 bila kukojoa, asingoje kesho: anahitaji serumu (maji ya dripu).

Mshauri wa unyonyeshaji, Ibanda
Kukamua na kumwaga hakusafishi maziwa. THC inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Utafiti wa Marekani wa 2018 uliikuta kwenye maziwa hadi siku 6 baada ya kutumia. Mwingine wa 2021 uliikuta hadi wiki 6.

Lakini tafadhali, tusikimbilie kumwachisha mtoto ziwa. Maziwa ya unga yaliyochanganywa na maji machafu yanaleta kuhara, na kuhara kunaua. Kinachoachwa ni bangi. Baba naye avutie mbali na nyumba, na aliyelewa asilale kitanda kimoja na mtoto.

Mkunga, Kadutu
Asante sana. Anayeacha aambiwe mapema: usingizi utaruka, hasira zitapanda, chakula hakitapendeza. Wiki ya kwanza ndiyo kali, kisha hali inalegea. Na tusimuulize mbele ya foleni! Akiaibishwa harudi. Faraghani, mama wote waulizwe sawa: tumbaku, pombe, bangi, mara ngapi kwa wiki? Anayekubali kwamba anatumia, pima kimo cha tumbo kila CPN. Kuanzia wiki 24 sentimita hukaribiana na wiki za mimba. Zikiwa chini ya wiki hizo kwa 3, mpeleke ekografi (ultrasound).